Orodha ya Bi Mwaliko

Ukimkuta Bi Mwaliko amevaa viatu, ujue kuna harusi. Siku nyingine zote alikuwa na kandambili zake za mpira, hata akienda hospitali. Viatu vilikuwa vya kazi: vyeusi, vya kishikizo, vimepigwa rangi. Alivivaa kwa sababu, kama alivyonieleza mwenyewe, mtu anayealikwa hutazama kwanza miguu ya aliyetumwa. Akiona kandambili atajua umepita tu, umemkumbuka njiani. Akiona viatu atajua umetoka kwako kwa ajili yake.

Sote tulimwita Bi Mwaliko na hapa sitamtaja kwa jina jingine. Kazi yake ilikuwa kualika. Katika mitaa ya zamani ya Malindi harusi haialikwi kwa kadi peke yake. Kadi huchapishwa, ndiyo, yenye maua na rangi ya dhahabu, lakini kadi bila mtu ni karatasi. Lazima aje mwanamke mlangoni, apige hodi, asalimie, amuulizie mgonjwa kama nyumba ina mgonjwa, kisha aseme: "Bi fulani awasalimu sana, na awaalika harusi ya mwanawe, mje nyote." Hapo ndipo umealikwa. Bila maneno hayo, hata ungekuwa na kadi tatu mkononi, una haki ya kukaa nyumbani ukanuna, na hakuna atakayekulaumu.

Mimi si mtu wa mitaa hiyo. Nimetoka Matsangoni, nikaja mjini kujifunza kutengeneza kompyuta, nikabaki. Nina kibanda kidogo nyuma ya maduka ya vitambaa, na ndani yake makasha ya kompyuta yamepangwa hadi dari. Siku ya kwanza Bi Mwaliko alipokuja alisimama mlangoni, akayatazama yale makasha yaliyo wazi matumbo nje, akaniuliza:

"Fundi ametoka?"

"Fundi ni mimi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona u mdogo hivi?"

Nilikuwa na mke na mtoto. Nikamwambia nitakua. Hakucheka, lakini tangu siku hiyo hakupeleka mashine yake kwa mtu mwingine, na Malindi mafundi tuko wengi kuliko kompyuta.

Mashine yenyewe ilikuwa ya mezani, kasha jeusi zito, iliyotoka kwenye ofisi moja iliyofungwa. Mpwa wake aliikuta ikitupwa akamletea. Kwangu ilikuwa chuma chakavu; kwake ilikuwa mtu wa nyumbani. Aliiweka ukumbini kwenye meza yake peke yake, akaishonea kitambaa cha kuifunika chenye nakshi pembeni, na kila Ijumaa aliifukiza ubani pamoja na chumba chote. Mara ya kwanza nilipofungua lile kasha nilikuta feni imevaa sufi ya kijivu, na juu ya sufi masizi ya ubani yenye kunata. Chumvi ya pwani ilikuwa imekwisha kuingia kwenye meno ya vijiti vya memori. Nilisugua meno yale kwa kifutio cha mtoto wa shule, nikapuliza feni, ikawaka.

"Umeweka nini?" akaniuliza.

"Sikuweka kitu, Bi. Nimetoa uchafu tu. Lakini huo ubani hauipendi."

"Ubani haujamchukia mtu. Iambie ivumilie."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimpa shauri la bure atalikataa. Ukimwambia ni la kulipia atalifikiria. Aliishi kwa kile alichopewa na wenye harusi, na alichopewa hakikuwa mshahara. Mara doti ya leso, mara gunia la mchele, mara fedha zilizokunjwa ndani ya bahasha. Kwa hiyo kuiongezea nguvu ile kompyuta ilikuwa kazi ya kidogokidogo, harusi baada ya harusi. Msimu mmoja tulinunua pawa, kile kisanduku cha kuiletea umeme, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa ikipata moto hadi kitambaa kikanuka. Msimu mwingine tukanunua kibodi, maana herufi "m" ilikuwa imekufa na alikuwa akiandika majina ya watu nusunusu kisha kujaza kwa kalamu. Kila kifaa alikiweka kiganjani kwanza, akakigeuza, akakipima uzito, akaniambia ni ghali. Ningemwambia ni bure angesema vilevile.

Mwanawe wa kiume, anayefanya kazi Mtwapa, alimnunulia laptopu. Nzuri, nyepesi, mpya. Bi Mwaliko aliiweka kabatini pamoja na mashuka ya wageni. Nilipomuuliza kwa nini ahangaike na lile kasha hali ana kitu kipya, alinijibu kana kwamba nimemuuliza kwa nini hauzi nyumba.

"Laptopu ni ya mtu asiye na kwao. Mimi ndiye nitembeaye. Mashine ikae."

Ukimsikiliza ungedhani ni mtu wa moyo mgumu, na ulimi wake ulisaidia sana dhana hiyo. Aliwahi kumwambia mwenye harusi, mbele ya wageni, kwamba pilau yake ilihitaji dua. Lakini ni yeye aliyekuwa akipita nyumba za wagonjwa na kijungu cha uji chini ya buibui, na ukimwona alikwambia anakwenda dukani. Alichukia kushukuriwa. Ukimshukuru alikutafutia kosa papo hapo ili mlingane.

Jambo lake jingine ambalo sikulielewa kwa miaka ni hofu yake ya vitu vya marehemu. Mashine ilipoanza kusuasua nilimtafutia kijiti cha memori cha mitumba, safi, kwa bei ya kuokota. Nilikitoa kwenye kompyuta ya mzee mmoja wa Dabaso aliyefariki, watoto wake waliniletea niiuze vipande. Bi Mwaliko alikigeuza kiganjani, akauliza kama kawaida yake:

"Mwenyewe aliuza, au alikufa?"

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia kweli. Akakirudisha mezani taratibu, akajifuta kidole kwenye leso.

"Sitii cha maiti kwenye mashine ya harusi."

Akasubiri miezi minne hadi nikampatia kingine, cha bei mara mbili, ambacho mwenyewe alikuwa hai na nilimpigia simu mbele yake kuthibitisha. Nataka msomaji aikumbuke habari hii, kwa kuwa mimi niliikumbuka vibaya.

Nguvu yote ya yule mama ilikuwa ndani ya orodha. Zamani, aliniambia, orodha ilikuwa kichwani, na kabla yake ilikuwa kichwani mwa aliyemfundisha. Miguu ilipoanza kumlemea aliogopa kwamba na kichwa kitafuata, ndipo akajifunza kompyuta, akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, ili aitie orodha mahali pasipozeeka. Aliandika kwa vidole viwili. Kila nyumba mstari wake: jina la mwenye nyumba, mtaa, waalikwe wangapi, na pembeni maelezo. Maelezo hayo ndiyo yaliyonifanya niwe nikichelewa kila nilipokwenda kuitengeneza mashine, maana nilikuwa nikiyasoma. "Mzee hasikii, piga hodi kwa nguvu." "Hawasemi na nyumba ya tatu, usizialike kwa siku moja." "Atakwambia hana nguo. Mwambie aje." "Ukipewa chai hapa kunywa, usiulize." Na mmoja ulisema tu: "Kaa kidogo."

Nilijifunza mji ule kupitia mistari ile kuliko nilivyojifunza kwa kuishi ndani yake. Na Bi Mwaliko aliheshimika kwa jambo moja: hakuwahi kuruka nyumba. Watu walimkodi kwa ajili hiyo. Unaweza kukosa ukumbi mzuri, unaweza kukosa mpishi, lakini ukimpata Bi Mwaliko una hakika kwamba hakuna mlango katika mji utakaonung'unika.

Sasa niseme kosa langu.

Ile mashine ilifikia hali ya kwamba ukiiwasha asubuhi unaweza kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha kikombe, ndipo ikuoneshe sura. Diski ilikuwa ya zamani, ile ya kuzunguka, na ilikuwa imeanza kukoroma. Nilimwambia Bi Mwaliko kwamba ikifa itakufa na orodha. Hilo lilimtisha. Akatoa alichonacho kwenye fundo la leso. Kilikaribia kutosha diski mpya ndogo, zile zisizozunguka, lakini si kamili. Nikamwambia ile ya zamani ingali ina thamani: ni kubwa, na wafunga kamera za ulinzi kwenye nyumba za Watamu huzitaka. Tutoe hiyo, tujazilizie.

"Na vyangu vilivyomo?"

"Nitavihamisha, Bi."

"Vyote?"

"Vyote."

Nilivihamisha vyote kweli. Kisha nikasafisha. Fundi akishafungua mashine ya mtu hushikwa na kiherehere cha usafi. Nikafuta picha zilizojirudia, nikafuta programu za ile ofisi iliyofungwa, halafu nikafungua orodha. Humo, mstari kwa mstari, nikakuta neno "marehemu". Nyumba ya marehemu huyu, nyumba ya marehemu yule. Zaidi ya nyumba mia moja. Nikakumbuka kijiti cha memori cha yule mzee wa Dabaso, na Bi Mwaliko alivyojifuta kidole kwenye leso. Nikajisemea, masikini, mama wa watu anaogopa maiti kwenye mashine yake na hajui kutumia kichujio cha kompyuta, kile kinachokusanya mistari yenye neno moja. Nikachuja "marehemu", nikafuta mistari yote kwa mpigo mmoja. Orodha yenyewe haikuwa na uzito wowote, wala haikuwa ikichelewesha mashine. Nisijitetee. Nilitaka siku moja agundue, afurahi, na akinitafutia kosa alikose.

Diski ya zamani niliikabidhi kwa mfunga kamera siku ileile.

Mashine ikawa inawaka kabla hujakaa vizuri kitini. Bi Mwaliko aliitazama, akanitazama, akasema si mbaya. Kwake hiyo ilikuwa sherehe. Ikaja harusi kubwa ya mtaa wake mwenyewe. Magoti yalikuwa yamemzidi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza hakutembea yeye. Alichapisha vikaratasi vya nyumba, mtaa kwa mtaa, akawapa wanawake wawili wa upande wa bibi harusi waende milangoni badala yake. Zamani angevipitia kimoja kimoja kabla ya kuvitoa. Safari hii hakuvipitia. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mashine sasa ni ya kuaminika.

Ukuta kwa ukuta na nyumba ya harusi alikuwapo mjane mmoja. Mumewe alikuwa mwalimu, na nusu ya wanaume wa mtaa ule alikuwa amewasomesha. Huyo mjane na Bi Mwaliko walikuwa mashoga, marafiki wa kufa na kuzikana, tangu utotoni kwenye chuo cha Kurani, na kila alasiri walikunywa kahawa pamoja kwenye kibaraza kimoja. Hakualikwa. Alikaa ndani akisikia vigelegele upande wa pili wa ukuta. Mchana wenye harusi wakampelekea sinia la pilau. Sinia likarudi lilivyokwenda, na kawa juu yake. Ndipo watu wakajua kuna jambo, na jioni ile wakaanza kuhesabu wasioonekana. Wote walikuwa wa nyumba za marehemu. Wajane na mayatima, watu ambao hata siku za kawaida huwa na wasiwasi kwamba mji umewasahau.

Kesho yake Bi Mwaliko alikuja kibandani. Alikuja na kandambili, amechoka na njia, na hakuketi.

"Fundi. Wako wapi watu wangu?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

"Bi, niliwatoa waliokufa. Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Wewe hutaki vitu vya marehemu kwenye mashine ya harusi. Ulinambia mwenyewe."

Akanitazama juu hadi chini. Nadhani alikuwa akitafuta mahali pa kuanzia na mtu mjinga kiasi kile.

"Kitu cha maiti ni kitu," akasema. "Hawa ni watu. Mume akifa nyumba yake huialiki kwa jina la mkewe, wala la mtoto. Waialika kwa jina lake yeye. Wasimama mlangoni ukalitaja. Mkewe alisikie latajwa harusini kama zamani. Mwaka wa kwanza, mwaka wa kumi, maadamu mlango uko. Hiyo ndiyo kazi, mwanangu. Kualika walio hai kila mtu aweza."

Nikamwambia nitairudisha. Siku hiyohiyo nilikwenda Watamu kumtafuta mfunga kamera. Diski nilikuta imefungwa kwenye nyumba moja ya kifahari, imekwisha kuandikwa juu, wiki nzima ya picha za lango ambalo hakuna aliyepita. Nilijaribu programu zote za kufufua nilizozijua na nyingine ambazo sikuzijua. Nilipata vipande vya lango. Nikarudi nikamwambia Bi Mwaliko kwamba majina yale hayapo tena popote duniani.

"Yapo," akasema. "Yako milangoni kwao. Lete mashine yako ya kutembea."

Akavaa viatu. Tukaenda, yeye na fimbo, mimi na laptopu yangu kwapani, nyumba kwa nyumba, kwa siku kumi na moja. Alikuwa akikumbuka nyingi. Nyingine alisimama kwenye njia panda akafumba macho hadi zikaja. Na kuna ambazo hazikuja. Hizo ilibidi apige hodi na kuuliza, mama huyu ambaye hakuwahi kuuliza: hapa palikuwa pa nani?

Tulianza kwa mjane wa mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa, maneno yangu ninayo mdomoni. Mjane alifungua mlango kidogo, akaushikilia ubao wake.

"Shoga yangu," Bi Mwaliko akasema, "nilikusahau."

"Wewe? Unisahau mimi?"

"Mimi."

Nikasema, "Bi, samahani, ukweli ni kwamba..." Fimbo ikanigusa mguuni, na haikuwa kwa bahati mbaya.

"Huyu ni fundi wangu. Aandika tu."

Mjane alimtazama kwa muda mrefu. Hasira ilikuwapo usoni, nikaona inamtoka na mahali pake panaingia kitu kibaya zaidi, huruma. "Basi umezeeka," akasema. "Ingia ndani, usisimame juani." Akaufungua mlango wote.

Alisema hivyohivyo kila nyumba. Nilikusahau. Nilikusahau. Katika mji ambao jina lake lote lilisimama juu ya kutosahau, yule mama alipita milango zaidi ya mia akilivunja kwa mkono wake, na mimi nyuma yake ninaandika. Siku ya pili nilimsimamisha kichochoroni nikamwambia siwezi, ni aibu yangu, aniache niibebe. Machozi yalikuwa karibu, nami si mtu wa kulia.

"Nikisema ni wewe," akajibu, "hakuna atakayekufungulia mlango mtaa huu tena. Watasema ni mtu wa kuja, amechezea majina ya wafu wetu. Mimi ni mtu wao. Mimi watanisamehe."

Walimsamehe. Kusamehewa kukaimaliza kazi yake. Habari ilitembea haraka kuliko sisi: Bi Mwaliko siku hizi asahau, mwache apumzike. Waliisema kwa upendo na hilo ndilo lililoiua kazi. Harusi iliyofuata alipewa mwanamke mwingine. Ile ya baada yake ilialikwa kwa ujumbe wa simu, na watu wakanung'unika, kisha wakazoea. Sikuona harusi nyingine ikiletwa kwake. Bado alinilipa kila nilipokwenda kuipuliza feni, na nilipokataa alitupa fedha kwenye begi langu la zana na kuniambia nisimfanye mgonjwa.

Nilibaki na orodha ile mpya. Nilihifadhi nakala kwake, kwangu, na kwenye flashi niliyomwachia mke wangu. Ilikuwa kamili, nadhani, ila maelezo ya pembeni hayakurudi yote. Hayo alisema aliyaandika akiwa na umri mwingine.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka huu, baada ya mvua za masika. Alinipigia simu mwenyewe, nije. Nikabeba zana nikijua mashine imefika mwisho, nikiwa hata nimeandaa maneno ya kumshawishi juu ya ile laptopu ya kabatini. Nilimkuta ukumbini, amepungua sana, amekaa mbele ya mashine, nayo imewaka vizuri, feni haina kelele. Mjukuu wake anaolewa, akaniambia. Wajukuu wametuma ujumbe kwa wote, wamemaliza kazi kwa dakika moja. Yeye akawaambia kuna nyumba moja ambayo lazima aialike kwa kinywa chake.

"Nimeshindwa kuja kwako," akasema. "Goti halitaki. Kwa hiyo nimekuita, na si adabu, unisamehe. Kaa."

Nikakaa. Akaweka vidole viwili juu ya kibodi.

"Baba yako yu hai?"

"Alifariki, Bi. Siku nyingi."

"Alikuwa akiitwa nani?"

Nikamtajia. Akaniomba nirudie polepole, herufi kwa herufi, kwa kuwa ni jina la kwetu na kwao halipo. Akaliandika. Akaandika Matsangoni. Akauliza tuko wangapi nyumbani, nikamwambia wanne, akaandika "nyote". Kisha akashikashika kiti hadi akainuka, akashika ukingo wa meza, akasimama wima mbele yangu kama mtu aliye mlangoni.

"Nyumba ya marehemu," akasema, akalitaja jina la baba yangu lote, jina lake na la baba yake, bila kukosea. "Nawasalimu sana. Nawaalika harusi ya mjukuu wangu, Ijumaa, mje nyote."

Baba alikuwa fundi wa kupaka chokaa. Miaka mingi kabla sijaja mimi, alikuwa akitoka Matsangoni alfajiri kuja kupaka nyumba za mitaa ileile kila karibu na sikukuu, na chakula chake alikula nje, kwenye ngazi. Sijui kama kulikuwa na mtu aliyewahi kumuuliza jina.

Nikasema tutakuja. Nikainuka nami, kama mwenye nyumba aliyefungua mlango. Nikasema tena.